Alichoacha Kuandika Leland Tveit

Kwa miaka ishirini na sita, mtu yeyote wa mji mdogo wa Sorrel, jimbo la Montana, aliyetaka kujua bunduki ipi anunue na ipi aiache dukani alielekezwa kwa Leland Tveit. Hakuwa askari wala fundi bunduki. Alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya reli, mjane, mwenye mikono mikubwa na mwandiko mdogo, na sifa yake yote ilikaa ndani ya madaftari ya kijani aliyoyapanga juu ya jokofu. Alipima upepo, alipima joto la mtutu, alipima umbali kati ya tundu na tundu kwenye karatasi ya shabaha. Watu wa Montana huanza kuwinda kulungu kabla ya kuota ndevu, na kila mmoja ana bunduki anayoiapia. Lakini Leland akisema hii inapiga ndani ya inchi moja kwa yadi mia, ubishi uliishia hapo.

Ndiyo maana mkuu wa polisi wa wilaya, alipotaka kuwanunulia askari wake kumi na mmoja bunduki mpya, alimletea Leland mbili azilinganishe. Zote zilikuwa za kujijaza zenyewe. Ukivuta kifyatulio mara moja, inatoka risasi moja; gesi ya baruti inasukuma chuma nyuma, ganda tupu linarushwa nje, na risasi nyingine inapanda mahali pake. Kwa maelezo hayo zilikuwa ndugu. Kwa tabia hazikujuana.

Ya kwanza ilikuwa imebanwa. Vipande vyake vilishikana kwa ukaribu ambao Leland, mtu wa vyuma, aliupapasa kwa kidole na kutikisa kichwa kwa heshima. Ya pili ilikuwa nzito, yenye nafasi kila mahali, na ukiitikisa ililia kama kabati la vyombo. Aliyezipa majina ni Wendell Krogh, mmoja wa wale askari kumi na mmoja, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga shabaha na Leland kila Jumamosi. Ya kwanza aliiita Bi Harusi. Ya pili, Trekta.

Walizijaribu Jumamosi tatu za Aprili, theluji ikiwa bado kwenye mitaro. Bi Harusi alipiga risasi tano, na matundu yote matano yakafunikwa na kifuniko kimoja cha soda. Trekta ilitawanya zake tano upana wa kiganja.

"Hiyo Trekta yako inapanda mbegu," Leland alisema.

"Na huyo Bi Harusi wako hajaingia jikoni bado, mzee. Ngoja aoshe masufuria ndipo tumjue."

Leland alicheka, akaandika vipimo.

Risasi zote walizotumia alizitengeneza Leland mwenyewe. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Katika klabu ya shabaha ya Sorrel, mtu aliyekuja uwanjani na risasi za dukani alitazamwa kama mwenyeji anayewapa wageni chakula cha kopo. Mpigaji wa kweli alikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba, akapima baruti kwa mizani punje kwa punje, akajaza maganda yake mwenyewe hadi kila risasi ilifanana na nyingine. Leland alizipa bunduki zote mbili risasi zilezile, na aliamini kwa moyo mweupe kwamba hiyo ndiyo haki. Hakujiuliza askari wa wilaya wangebeba risasi za nani.

Jumamosi ya tatu, mchana, risasi zake zilimwishia. Wendell alikwenda kwenye gari lake akarudi na maboksi mawili ya risasi ambazo wilaya ilikuwa ikizinunua kwa jumla, za bei ya chini, zenye baruti ya kuacha masizi mengi. Trekta ilizila ishirini za boksi la kwanza bila kuguna. Bi Harusi alikwama. Leland akavuta chuma, akatoa risasi, akaendelea, na Bi Harusi akakwama tena.

Wendell alikuwa ameshika darubini. Aliishusha.

"Andika," alisema.

"Niandike nini? Hii ni risasi mbovu. Itazame ilivyo."

"Mimi ndiye nitakayebeba bunduki hii kazini, Leland. Andika."

"Wendell, kosa la risasi halihesabiwi kwa bunduki. Kanuni ya klabu unaijua kama mimi."

Kanuni hiyo ilikuwepo kweli, nao walikuwa wameifuata miaka yote: risasi ikionekana mbovu, jaribio linafutwa. Ilitungwa kwa ajili ya mashindano ya Jumamosi, ili mtu asinyang'anywe kikombe kwa kosa la kiwanda. Wendell akaanza kuokota maganda. Leland akafunga daftari. Ukweli ambao hakuutamka ni kwamba alikuwa ameshaipenda ile bunduki, na hakutaka ukurasa wake uchafuke.

Wilaya ilinunua Bi Harusi kumi na mmoja.

Novemba ya mwaka uliofuata, kwenye barabara ya changarawe kaskazini mwa mji, Wendell alisimamisha gari la mtu aliyekuwa akitafutwa kwa wizi. Mtu yule alitoka akifyatua bunduki. Wendell alipiga moja, na ya pili haikupanda. Alikuwa akikivuta chuma kwa vidole vilivyokufa ganzi risasi ilipomwingia nyonga. Alipona, lakini mguu wa kushoto haukurudi kuwa mguu tena, na kazi ya polisi ikaishia hapo. Walioichunguza bunduki walikuta masizi ndani. Wakaandika kwamba askari hakuisafisha silaha yake ipasavyo.

Leland aliisoma sentensi hiyo gazetini, akiwa amesimama kwenye foleni ya posta. Alijua masizi yale yametoka wapi. Alijua pia kwamba Wendell alisafisha bunduki kama wengine wanavyonawa uso. Alikunja gazeti, akanunua stempu alizokuja kununua.

Tangu hapo, kila Jumapili alimpelekea Wendell pai ya tufaha kutoka kwa mwoka mikate. Walizungumza juu ya mvua, bei ya dizeli, na binti wa Wendell aliyehamia Spokane. Uwanja wa shabaha haukutajwa. Miaka mitatu ilipita hivyo, na kila Jumapili Leland aliliacha neno lake garini.

Kilichomtoa kwenye ukimya huo ni simu. Mkuu wa polisi wa wilaya jirani alimwomba nakala ya ile ripoti ya kulinganisha bunduki mbili. Naye alikuwa na askari wa kuwanunulia bunduki, na kila mtu alimwambia vipimo vya Bwana Tveit havina shaka. Leland alisema atamtumia. Kisha akapanda kiti, akateremsha daftari la mwaka ule, akaenda kwa Wendell siku ya Jumatano, bila pai.

Wendell alifungua mlango akiegemea fimbo, akaliona daftari, akarudi kukaa mezani. Leland alifungua ukurasa wa Jumamosi ya tatu. Alieleza habari ya simu, akaeleza anachotaka kuandika, kwamba kwa risasi za wilaya bunduki ile ilikwama mara mbili katika ishirini. Alitoa kalamu mfukoni.

"Tatu," Wendell alisema.

Leland aliinua macho.

"Zilikuwa tatu. Ya tatu ulikuwa umeshageuka kufunga vitu vyako, mimi nikimalizia boksi, nikaitoa mwenyewe. Nilikwambia. Ukasema 'mbovu' kabla sijamaliza."

Leland alijaribu kuikumbuka, asiipate. Aliandika tatu. Tarakimu ikatoka kubwa kuliko zote za ukurasa ule.

"Niliisafisha asubuhi ile," Wendell alisema taratibu. "Hapa hapa, kwenye meza hii."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu habari ilipotoka gazetini."

Wendell alitazama dirishani, ambako upepo ulikuwa ukisukuma theluji nyepesi juu ya paa la gari la Leland.

"Basi fanya nakala mbili," alisema. "Moja ya hao jirani. Nyingine wapelekee wilaya yetu, na uandike hilo ulilosema sasa hivi, na lini ulilijua. Weka jina lako."

"Nitaweka."

"Na Jumapili usije, ndugu yangu. Nikitaka mtu nitakupigia."

Leland alizituma zote mbili siku iliyofuata. Wilaya jirani ilimjibu kwa shukrani na kununua bunduki ya aina ya pili. Wilaya yake mwenyewe ilichukua wiki saba, kisha ikaliondoa kosa kwenye jalada la Wendell kwa barua ya mistari minne. Klabu ilimwomba abaki kuwa mpimaji. Alikataa, akawakabidhi mizani.

Jumapili alikaa jikoni, simu ikiwa karibu. Baadhi ya Jumapili ililia. Mara nyingi hakuwa Wendell, bali binti wa Leland mwenyewe.