Bisibisi Kwenye Meno

Mama Misumari hakupanda ndege kwenda kutalii. Kibali alichogongewa kilikuwa cha siku mbili, na ukitoa viwanja vya ndege, foleni na barabara, zilibaki saa tisa za kazi. Saa tisa hizo alizipanga kama anavyopanga misumari kwenye maboksi: ya inchi mbili huku, ya inchi nne kule, hakuna kuchanganya. Ndani ya ndege alilala kwa makusudi, kwa sababu usingizi wa hewani ni wa bure na wa hotelini unalipiwa. Begi lake lilikuwa na nguo za kubadilisha mara moja, mayai sita ya kuchemsha, na koili ya waya nzito kama mtoto mchanga.

"Hii ni ya nini?" ofisa wa forodha aliuliza kwa ishara, akiigeuza ile koili.

Mama Misumari akatoa msumari mfukoni, akamwonyesha waya, akamwonyesha msumari. Ofisa akamwangalia kama mtu aliyekutana na wazimu mpya, akampungia apite.

Alianza maisha kwa kuokota misumari iliyopinda kwenye majengo ya watu, kuinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe na kuiuza kwa mafungu. Kutoka kwenye jiwe alifika kwenye banda la mabati lenye mashine tatu za kukata waya kuwa misumari na wafanyakazi kumi na mmoja. Miaka ishirini na miwili alizijua mashine zake kwa sikio. Angeweza kuwa nje anagombana na mwenye lori, kisha akakata maneno katikati na kupiga kelele, "Ya kwanza hiyo inataka grisi!" Na kweli inataka.

Sasa huu ulikuwa mwaka wa pili tangu sikio la kulia lifunge duka. La kushoto lilikuwa linafungua siku linapojisikia. Hakumwambia mtu. Mashine ya tatu ilipokufa, beringi imesagika hadi ikala shafti, wote walisema ni uzee. Yeye peke yake alijua kwamba beringi haifi kimyakimya. Ililia wiki nzima, na hakuisikia.

Akiba ya miaka sita ilikuwa inakwenda kwenye mashine moja iliyotumika. Akikosea, banda linafungwa. Na alikuwa anakwenda kuichagua kwa sikio ambalo hana.

"Dada, usituletee rangi," mdogo wake, fundi mkuu wa banda, alimwambia siku ya kuondoka. "Tuletee mashine."

"Mimi nilikuwa nanunua wewe bado unanyonya. Kaa kimya."

Huko alikokwenda alipokewa na mkalimani, mwanamke wa kwao aliyeolewa huko zamani.

"Shikamoo mama. Tupite kwanza hotelini ukapumzike?"

"Marahaba. Nimeshapumzika angani. Kiwanda kiko wapi?"

Mlango wa chuma ulipofunguliwa, Mama Misumari alisahau mguu uliokuwa unafuata.

Mashine sitini, safu nne, zote zinafanya kazi. Koili za waya zimesimama ndefu kuliko mtu, zinazunguka polepole na kujimaliza zenyewe. Misumari ilikuwa inanyesha. Hakupata neno jingine: inanyesha kwenye masanduku ya chuma, inang'aa inapoanguka, haikatiki. Mwisho wa ukumbi mapipa makubwa yalikuwa yanaizungusha ndani ya unga wa mbao, ikiingia na mafuta na kutoka imetakata kama meno ya tangazo. Sakafu ilitetemeka, na mtetemeko ule ulipanda kwenye nyayo, ukapita magotini, ukakaa kifuani. Alijiona kama mtu aliyechota maji kwa kijiko maisha yake yote, halafu akapelekwa kuonyeshwa mto.

"Mungu wangu," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Kwa muda aliosimama pale tu, kiwanda kilikuwa kimetoa misumari ya siku nzima ya banda lake.

Kisha akafunga mdomo. Saa zilikuwa zimebaki nane na kidogo.

Muuzaji, mwanamume wa tai na tabasamu, alimpeleka kwenye kona walikosogeza mashine tatu za zamani ili kupisha mpya. Moja imepakwa rangi ya kijani, ya pili bluu, ya tatu imeachwa na ngozi yake ya oili ya miaka.

"Anasema za rangi zimefanyiwa ukarabati kamili," mkalimani alitafsiri. "Anasema ni kama mpya."

"Mwambie mpya nimeziona kule, hazifanani." Akafungua begi, akatoa koili yake. "Na waya wake laini asinitilie. Atumie huu."

Muuzaji alipoishika koili akacheka. "Anasema ina kutu, mama, tena ni ngumu."

"Ndiyo maana nimeibeba. Kwetu ndiyo inayopatikana."

Zote tatu ziliimeza na kutema misumari mizuri. Vichwa viko katikati, ncha kali. Basi kikabaki kile ambacho msumari hausemi: hali ya tumbo la mashine. Mama Misumari akainama kwenye ile ya kijani, akatega sikio la kushoto. Akahama. Akarudi. Alikuwa kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani nyuma ya ukuta: anajua wanagombana, hajui nani kamtukana nani. Jasho jembamba likamtoka. Akaanza kuuliza maswali ya kupoteza muda, mara vipuri, mara usafirishaji, huku moyo unamwambia, umekwisha, bibi wewe.

Hapo ndipo alipomwona yule mzee wa ovaroli. Alikuwa ameweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ubavu wa mashine mojawapo ya safu, na mpini wake wa mbao ameuuma kwa meno. Macho amefumba.

"Huyo hajala leo?"

Mkalimani akacheka, akamfuata mzee, akauliza akiwa ametazamana naye uso kwa uso. Mzee alijibu kwa sauti kubwa isiyo na breki.

"Ndiye fundi wao mkuu, mama. Ni kiziwi. Anasema mashine hizi zilimla masikio zamani sana, tangu hapo anazisikiliza kwa meno. Hakuna inayomshinda."

Mzee alikuwa hamtazami mkalimani tena. Alikuwa anamtazama Mama Misumari na namna alivyokuwa amegeuza shingo, sikio la kushoto mbele. Akagusa sikio lake mwenyewe. Akaonyesha la mgeni. Akapandisha nyusi.

Miaka miwili ya kuficha, na mtu asiyejua hata neno lake moja amemsoma kwa mara moja. Mzee akafuta mpini kwa kitambaa, akampa. Mama Misumari akaufuta tena kwa leso yake, maana heshima ni heshima na mate ni mate.

Akaweka ncha kwenye ile ya kijani. Akauma.

Mashine ikaingia kichwani. Haikupitia mlango uliofungwa. Ilipita kwenye taya, ikapanda fuvu, ikajipanga pigo kwa pigo: kubana, nyundo, visu, kusukuma. Na kila baada ya nyundo, mtikisiko mdogo, kama mtu anayesema ndiyo kisha anakohoa. Beringi. Akahamia ya bluu: shafti inakwaruza, imefichwa kwa grisi nzito. Akahamia ile chafu. Kubana, nyundo, visu, kusukuma. Safi. Safi kama siku alipowasha mashine yake ya kwanza akiwa na masikio yote mawili.

Alikaa pale ameuma mpini robo saa nzima. Robo saa hiyo haikuwa kwenye mpango, na hakuijutia.

Alipotoa bisibisi mdomoni alikuwa tena mfanyabiashara. "Mwambie zile nzuri zimenishinda bei. Nitamwondolea hii mbaya, inamharibia sura ya ukumbi."

Muuzaji aliipigania kidogo, lakini ni vigumu kusifia kitu ulichokinyima rangi. Bei ilishuka mara mbili. Mama Misumari akachora alama yake kwa msumari chini ya kitako cha mashine, isije ikabadilishwa njiani, kisha akasema, "Na bisibisi ile iwe nyongeza."

Muuzaji akakubali haraka. Mzee akaichukua, akaitia mfukoni.

"Anasema haiuzwi, mama."

"Kila kitu kinauzwa. Muulize tena."

"Anasema hayo ni masikio yake." Mkalimani akasita, akizuia kicheko. "Na anauliza, kwenu hakuna bisibisi?"

Kwenye ukuta wa banda lake zilining'inia bisibisi kumi na saba.

Alirudi nyumbani, na kabla ya kuvua viatu vya safari akaingia bandani, akatungua ndefu kuliko zote na kuiuma kwenye mashine ya pili.

"Jamani, dada karudi na kichaa!" mdogo wake akapayuka.

"Zima. Beringi ya kushoto."

Wakafungua. Goroli moja ilikuwa imepasuka. Mdogo wake akaiweka kiganjani, akamtazama dada yake, akaitazama tena.

"Sikio langu la kulia limekufa," Mama Misumari akasema. "Mwaka wa pili huu."

"Dada, banda zima tunajua. Unadhani tunapayuka kwa nini?"

"Nilidhani mmekosa adabu." Akafikiri. "Na mkaniacha nikachague mashine?"

"Tungekuzuia kwa kamba?"

Kreti lenye mashine lilifika baada ya miezi miwili. Alama ilikuwepo chini ya kitako, lakini hakuridhika nayo. Wakaifunga mashine kwenye zege, wakaiwasha, na wafanyakazi wote kumi na mmoja wakasogea kumtazama mwenye banda akipiga magoti na kuuma bisibisi kama mtoto anayeota meno.

Kubana, nyundo, visu, kusukuma.

"Ndiyo yenyewe," akasema, akimkabidhi mdogo wake mpini. "Futa, halafu uume hapa. Wengine leteni waya."