Mke Mwenza wa Hachimia Maabarani

Binamu yangu Hachimia alizaliwa Andoany, mji wa kisiwa cha Nosy Be, na mama yake alimfundisha kudarizi kabla hajajua kusoma. Mwaka 1979 aliolewa Mahajanga, akapata kazi ya kufagia katika maabara moja mtaani Mangarivotra. Daktari alipoona mkono wake hautetemeki, alimpa mkasi. Picha za kromosomu, vile vijiti vidogo ambamo Mwenyezi Mungu ameweka urithi wa kila mtu, zilikuwa nyeusi na nyeupe. Hachimia alikata kijiti kimoja kimoja, akavipanga jozi jozi, akabandika kwa gundi. Miaka ishirini na mitano.

Kisha ikaja kompyuta na programu yake. Sasa vijiti vilitiwa dawa ya kung'aa, kila jozi rangi yake, na programu ikavipanga kabla chai haijapoa. Aliyeitumia ni msichana mmoja, Echata. Hachimia akarudishiwa ufagio.

"Mke mwenza wangu ameamkaje?" alimuuliza Echata kila asubuhi kuhusu kompyuta, akipangusa meza zote isipokuwa ya kompyuta.

"Mzima, mama. Anakusalimu."

"Mwambie zimefika. Vumbi lake apanguse mwenyewe."

Walicheka wote. Kwangu lakini alikiri kwamba kifua kilimwaka kwa wivu, na kila baada ya sala aliomba toba.

Siku moja alikuja Rahamatou, mke aliyeharibikiwa na mimba tatu. Mumewe alikwishasema: kasoro ikiwa kwake, anamrudisha kwao Nosy Be. Aliporudi kuchukua jibu la damu yake, programu ikaonyesha kijiti chekundu chenye kipande cha njano katikati, kana kwamba kimeungwa na cha jozi nyingine. Echata akaanza kuandika kwamba kasoro ni ya mke.

Hachimia aliona kosa pale pale, akaendelea kufagia. Iaibike na yenyewe, nafsi ilimwambia. Akageuka, akamwona Rahamatou kwenye benchi, ameuma ncha ya leso.

"Usiandike, mwanangu," alisema. "Hapo chekundu kimelalia cha kijani. Rangi zimechanganyika tu, zikatoa njano. Tazama seli nyingine."

Echata akatafuta nyingine, na nyingine tena. Vijiti vilikuwa vizima.

"Umejuaje, mama?"

"Vilivyolaliana ndivyo vilivyonitesa kukata. Huyo wako hajashika mkasi."

Rahamatou alipopewa karatasi yake alilia, akaishika kompyuta kwa mikono miwili. "Mungu aibariki mashine yenu."

"Amina," Hachimia alisema.

Kesho yake aliipangusa na ile meza ya kompyuta. Kwa kitambaa cha kupigia deki.