Salamu za Daktari Nitaje

Jina lake halisi lilikuwa mlangoni kwenye kibao, lakini wanafunzi walimwita Daktari Nitaje, na hawakumsingizia hata chembe. Ukimpelekea tasnifu yako, usidhani ataisoma. Thubutu! Anavaa miwani, analowesha kidole, anakwenda moja kwa moja mwisho kwenye orodha ya marejeo kutafuta jina moja tu. Lake. Akilikuta, uso unakunjuka na unaulizwa habari za nyumbani. Asipolikuta, utajuta.

"Marejeo yako yamepwaya," atasema, akikusukumia mzigo wako kwa ncha za vidole. "Nenda kaongeze vyanzo vya msingi."

Chanzo cha msingi alikuwa yeye. Maisha yake yote aliandika makala moja ya maana, kuhusu urefu wa madawati ya shule za msingi, na bado alitaka atajwe katika kila sura, uwe unaandika kuhusu mitihani, vyoo au mishahara ya walimu. Wanafunzi waliiita desturi hiyo kumsalimia Daktari. "Umeshamsalimia sura ya tatu?" waliulizana kwenye ngazi, maana bila salamu hakuna saini, na bila saini utazeekea chuoni mpaka wanao waje kukukuta hapo.

Sasa usimwone punguani. Alikuwa na hesabu zake. Aliutaka uprofesa mpaka ukamkondesha. Wenzake aliosoma nao walishaupata wote, yeye kabaki kuwapigia makofi kwenye sherehe zao huku roho inamuuma. Kustaafu kulikuwa kunabisha hodi, na kanuni za chuo zilitaka mgombea aonyeshe kwamba kazi zake zinatajwa na wengine. Kutajwa? Hapo akajiona amewaweza. Mkewe naye, jamani, alishaanza kuitika "Mama Profesa" huko sokoni.

Siku ya jopo la kumpima kwa uprofesa aliingia kajinyoosha, suti imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja, profesa kutoka chuo kingine, mpole wa kutisha.

"Hongera, Daktari, umetajwa sana," alisema. "Na sentensi yako inayotajwa kuliko zote ni hii: mtoto anayekalishwa nyuma ya darasa huanza kuamini kwamba somo si lake. Nzuri mno. Uliifikiaje?"

Daktari hakuwahi kuisikia. Lakini ulimi ulishatangulia.

"Aa, hiyo ni... ni matunda ya utafiti wa muda mrefu, mama."

"Katika makala ya madawati?"

"Humo humo."

"Nimeisoma. Haimo."

Akisema wanafunzi wamemzushia, mbona tasnifu zote zile kazisaini yeye mwenyewe? Akisema ni yake, aionyeshe iko wapi. "Labda niliisema kwa mdomo," akababaika.

Kumbe jopo walikuwa wameifuatilia sentensi ile tasnifu kwa tasnifu, kila mwanafunzi kanakili kwa aliyemtangulia, mpaka wakafika kwa wa kwanza. Naye sasa alikuwa mhadhiri mdogo wa idara hiyo hiyo, ofisi yake na ya Daktari korido moja. Akaitwa, akaja, akasimama karibu na mlango.

"Sentensi hii ulimsikia Daktari akiisema?" mwenyekiti alimuuliza.

Yule mhadhiri akamtazama bosi wake. Daktari alimkazia macho, lakini macho yenyewe yalikuwa yanaomba. "Sema tu, binti yangu."

"Ni yangu," akasema. "Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hayo niliyaona kwa macho yangu. Ila sura ya nne ilikosa jina la Mzee, akanirudishia. Nilikuwa mjamzito, siku zimekaribia, nimechoka. Nikambandikia jina lake. Akasaini pale pale." "Nisamehe, Mzee. Imenikaa kooni miaka yote, watu wanasifia maneno yangu kwa jina lako."

Daktari alitamani ardhi ipasuke. Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Mwenyekiti akamwambia mhadhiri aiandikie makala kwa jina lake mwenyewe, tena asichelewe, kisha akafunga jalada na kumgeukia mgombea.

"Uprofesa hauwezekani, Daktari. Kutajwa kote huku si kwako. Lakini nikwambie kitu: makala yako ya madawati nilipoimaliza niliirudia. Ulipima watoto kwa mkono wako, shule baada ya shule. Ni kazi safi kabisa. Nimetafuta katika tasnifu zote hizi mtu hata mmoja aliyeitumia kweli, sikumpata. Kwani hukuwaambia waisome?"

La, hakuwaambia. Aliwaambia waandike jina.