Pasi ya Makaa Katika Jumba la Mfalme wa China

Juzi mjukuu wangu alinivuta mpaka makumbusho hapa London, na kule ndani, mwenzangu, nikajikuta nimesimama tena mbele ya picha ya kale ya wale wanawake wa Kichina. Bado wamo katika chumba chao cha kifalme, mashavu yameviringana, nywele zimepandishwa juu, kitambaa cha hariri wamekishika huku na huku.

Mara ya kwanza kuwaona nilikuwa na miaka tisa. Sisi ni Wahindi wa Mombasa, na tulipohamia huku tulipanga chumba kimoja Wembley, juu ya duka. Chumba kilinuka mafuta ya taa ya hita, na jioni mbaazi. Baba alishinda kiwandani. Mama, fundi cherehani aliyejulikana Mombasa mtaa mzima, alikaa miezi mitano bila kutoka nje. “Nitoke nikaseme nini, na nani?” alikuwa akiuliza.

Darasa letu lilipopangiwa kwenda makumbusho, mwalimu aliomba wazazi wa kusaidia kutuangalia. Nililia mpaka mama akavaa koti la baba juu ya gauni lake, akaja.

Mbele ya picha ile akasimama. Mwanamke mmoja alikuwa akipitisha kikaango chenye makaa juu ya hariri.

“Pasi!” mama akasema kwa sauti, watu wakageuka. “Pasi ya makaa, kama yangu!” Akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu tushuke kwenye ndege.

Mwalimu akaniuliza mama anasema nini.

“Mwambie,” mama akanihimiza, “kazi si ya mwenye pasi. Ni ya hao wawili wanaovuta. Wakilegeza tu, hariri inaungua.”

Nikatafsiri. Mwalimu akamgeukia mama mwenyewe, akamwomba aje shuleni kila Jumatano awafundishe wasichana kushona.

“Kiingereza sina,” mama akajibu nilipomtafsiria.

“Mwanao atakuwepo,” mwalimu akasema.

Jumatano ya kwanza mama aliamka kabla yangu, mkasi tayari mkobani. Alifundisha miaka sita. “Polepole,” alikuwa akiwaambia kila sindano zao zilipokimbia, neno ambalo sikuwahi kulitafsiri.

Shule ile sasa ni nyumba za kupanga, chumba chetu kimebomolewa, na mama tumemzika. Lakini mwaka jana, hapohapo Wembley, Mwingereza mmoja niliyesoma naye, mmoja wa wale wasichana wa Jumatano, alinishika mkono dukani. Bado anashona, akaniambia, nguo za wajukuu wake wote. Kisha akaniuliza jambo lililomsumbua miaka mingi: ule mshono ambao mama alikuwa akiuita “polepole,” kwa Kiingereza unaitwaje?