Shati la Sare Kwenye Kamba ya Gesti

Niacheni nikasirike, ingawa wa kukasirikiwa ni mimi. Nilitoka Musoma kwenda Bunda kwenye harusi ya dada yangu na kibegi cha mgongoni na shati moja la sare, kitenge tulichoshonewa ukoo mzima. Likajaa vumbi la safari. Jioni nikalifua kwenye beseni, nikalianika nyuma ya gesti niliyofikia, mtaa wa Nyasura.

Asubuhi, kamba tupu! Barazani mzee nisiyemjua anakunywa chai, amevaa shati langu, tena kola bado mbichi. Mimi hasira ikinipanda huwaga siulizi.

"Mwizi! Vua sasa hivi!"

Wageni wakatoka vyumbani. Mzee akalivua, akabaki na singlendi, akaendelea na chai yake. Nikalivaa palepale. Mikono ikanifunika hadi vidole.

"Oneni alivyolitanua!" nikafoka.

Bhoke, mhudumu wa gesti, akatokea na shati lingine mkononi. "Kaka, lako hili. Lilikuwa bado bichi, nikakupigia pasi."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mimi ni baba yako mkubwa wa Butiama. Mara ya mwisho nilikuona unatambaa. Leo namkabidhi dada yako kanisani, na nimekuja na shati moja tu, nikalifua kama wewe. Haya, vua."