Chupa Iliyomwagwa Boito

Nisikilize bila haraka, msomaji, maana nataka uelewe figo vizuri, na pia uelewe jinsi nilivyolipiza kisasi. Yote mawili nayaeleza kwa moyo mweupe.

Mdogo wangu aliugua saratani ya damu. Madaktari walichukua mwilini mwangu seli shina, yaani zile seli zinazozaa damu, wakampandikiza. Zilishika. Alirudi Boito kwa mume wake, amekonda lakini yu hai, akiwa na dawa za kuzuia seli zangu zisiushambulie mwili wake. Dawa hizo hizo zinaweza kuumiza figo.

Usiogope, ni jambo rahisi kuelewa. Umewahi kuacha majani ya chai yameshindiliwa kwenye gunia? Juu yanakaa kijani, lakini ukitia mkono katikati unasikia joto. Ukingoja mpaka yawe mekundu, umechelewa. Figo nayo iko hivyo. Kipimo cha damu huchelewa kuonyesha kwamba imeumia. Lakini seli zake zikianza kuteseka, huachia protini fulani ambazo hutokea mapema kwenye mkojo. Kipimo hicho cha mkojo si unabii, kinaweza kukosea. Ila humpa daktari nafasi ya kupunguza dawa kabla mambo hayajaharibika.

Kwa hiyo kila wiki mdogo wangu alikinga mkojo wa asubuhi, ukakaa kwenye baridi, nami nikaupeleka maabara Kericho kuwahi gari la kubeba sampuli kwenda Nairobi. Friji pale bomani, nyumbani kwao, ilikuwa moja tu, ya kaka ya mume wake. Aliuza maziwa, na tena alikuwa mwenyekiti wa kituo tunachouzia majani chai.

Asubuhi moja nilifika na kisanduku changu cha barafu, nikamkuta mdogo wangu amesimama mbele ya friji iliyo wazi, akimwuliza mwenye friji.

"Shemeji, ile chupa iko wapi?"

"Nilimwaga. Hapa ni mahali pa maziwa."

"Lakini nilikuambia ni ya kupima."

"Ulisema ni ya bima." Akacheka. "Nikajiuliza, watu wa bima siku hizi wanakunywa nini?"

Kwetu p na b hulala kitanda kimoja, hilo sikatai. Mdogo wangu akisema "kupima" unaweza kusikia "kubima". Lakini chupa ilikuwa na kifuniko, ilikuwa ndani ya mkebe, na jina lake lilikuwa juu. Na hata ingekuwa ya bima, nani alimtuma aimwage?

Mdogo wangu alikinga mkojo mwingine. Nilipofika Kericho gari lilikuwa limeondoka, na lingine ni la wiki iliyofuata. Kabla halijafika, miguu ilimvimba na mkojo wenyewe ukakaribia kukauka.

"Siwezi kuapa kwamba tungeziokoa figo," daktari aliniambia, "lakini wiki hiyo ndiyo tuliyoihitaji."

Sasa damu yake husafishwa kwa mashine.

Watu walimsamehe yule bwana. Ile bima ikawa kichekesho, ikasimuliwa mpaka Ndanai. Mimi sikucheka. Nilingoja uchaguzi wa kituo.

Siku hiyo niliomba nafasi niwaeleze wakulima habari za figo. Walinipa, kwa sababu wananijua kwa kueleza. Nilifungua gunia la majani, nikawaita mmoja mmoja watie mkono. Nilieleza seli, protini, dawa. Nilijibu kila swali kwa upole. Sikutaja jina la mtu. Halafu nikauliza, "Sasa mtu akikuwekea gunia lake kivulini, nawe ukalimwaga kwa sababu hukusikia vizuri ni la nani, tukuite nani?"

Kisha mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Tumwite mwenyekiti."

Walicheka mpaka karani akaegemea mizani. Mwenyekiti hakucheka. Kura zilipopigwa kwa kupanga mstari, waliosimama nyuma yake walikuwa jamaa zake tu, na hata hao si wote.

Alinifuata nikifunga gunia. "Shemeji, umeniaibisha mbele ya watu."

"Pole, shemeji. Pengine hukusikia vizuri."

Watu wa kanisa wananiambia nimwachie Mungu. Namwachia Mungu yaliyobaki. Kiti nimemnyang'anya mwenyewe. Mdogo wangu hajapona kwa hilo. Lakini nilipompelekea habari akiwa kwenye mashine, aliomba nirudie maneno ya yule mama, nikarudia, akaomba tena.

Wewe ukiachiwa chupa ya mgonjwa, kaza kifuniko na uiache pale kwenye baridi. Kama hujasikia vizuri ni ya nini, uliza kabla ya kuigusa.