Kidole Gumba Kilichokaa Bure Nyuma ya Gitaa

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku jiwe liliponiangukia mkono ndani ya shimo la dhahabu kule Salamabila. Ulikuwa mkono wa kushoto. Kidole cha pete na kile kidogo vilipondeka, na nilipotolewa nje wenzangu wakaangalia pembeni. Muganga alivikata. Sikulia. Nilimuuliza jambo moja tu, kama vitaota tena. Akacheka, nami nikacheka naye.

Lazima ujue kwanza nilikuwa nani. Masomo yangu yaliishia madarasa ya chini kabisa, sifichi. Kusoma najua, kuandika naandika kama unavyoona, herufi zinakwenda zinavyotaka. Lakini gitaa nilijitengenezea mwenyewe, kwa mbao za sanduku na nyuzi nilizofumua kwenye kebo ya breki ya pikipiki. Kutoka Kasongo mpaka Lusangi watu walikuwa hawapangi ndoa bila kuuliza kwanza kama Salumu iko, ndiye mimi. Nasema hivi bila haya, maana ni kweli. Ah, Kasongo ile. Jioni soko linapotawanyika, vumbi bado halijatua, nakaa mbele ya nyumba niliyopanga huko, napiga, na wasichana wenye ndoo kichwani wanapunguza mwendo wakifika kwangu. Mmoja wao ndiye mke wangu mpaka leo. Yeye anasema alikuwa amechoka tu.

Basi nilirudi nyumbani Lusangi, mkono umefungwa. Kidonda kilipopona ndipo shida ilianza. Mdogo wangu Feza alikuwa amechumbiwa na kijana wa Salamabila na siku imekwisha kukatwa. Sasa, katika ukoo wetu, bibi harusi hatoki nyumbani kwa baba yake mpaka ndugu yake wa tumbo moja ampigie gitaa mlangoni. Ndiyo namna yetu ya kuwaambia wakwe kwamba huyu ana watu. Akitoka kwa muziki wa upande wa bwana, huko aendako watamwita muokotwa, na jina hilo halifutiki hata azae watoto kumi. Baba alikuwa amekwisha kufa. Ndugu wa tumbo moja nilikuwa mimi peke yangu.

Nikawa najificha nyuma ya jiko kufanya mazoezi. Nilitaka wimbo ule ule wa kumtoa bibi harusi, vile vile nilivyoupiga zamani, mkono ukipanda na kushuka kwenye shingo ya gitaa. Vidole viwili vilivyobaki vikawa vinakimbia huku na huku kutafuta kufanya kazi ya vinne. Kila palipokuwa mahali pa kidole cha pete pakatoka sauti ya bati. Nikaongeza nguvu, ngozi ikapasuka, nyuzi zikaloa damu. Mwisho nikamwambia Feza atafute mtu mwingine, hata binamu yetu. Akasema binamu si wa tumbo moja na mimi. "Kama si wewe, yaya, kaka yangu, nitatoka na radio kaseti ya shemeji yako. Watu waseme wanachosema." Alisema polepole, bila kunitazama. Niliumia kuliko siku ya jiwe.

Shangazi Mwamini, dada ya baba, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pale karibu. Huyo mama alikuwa na mdomo. Hata chifu alimpisha njia. Siku zote zile amesikia mazoezi yangu na hakusema kitu. Akalaza mchi, akaja kusimama mbele yangu.

"Weye Salumu, unapigia nani hiyo gitaa?"

Nikamjibu nampigia Feza.

"Uongo. Unamupigia ule kijana mwenye vidole vyote, unataka akuone. Ule alibaki mu shimo. Feza iko na kaka mumoja tu, ni huyu mwenye ninaona hapa." Akanikamata mkono, akaugeuza kama anayenunua samaki. "Na hiki kidole gumba je? Kinakaa nyuma ya gitaa sawa mukwe, kinangojea kuletewa chakula. Ukitume kazi."

Nilikasirika sana. Yeye mwenyewe hakujua kupiga hata kopo. Lakini hasira ilipopoa nikajaribu, peke yangu, asinione. Nikapitisha gumba juu ya shingo ya gitaa, likabana ule uzi mnene. Likauma, halafu likazoea. Nyuzi nyingine nikaziregeza mpaka zikaimba vizuri zenyewe, bila kubanwa na kidole. Nikafunga kipande cha penseli kwenye shingo kwa mpira wa baiskeli, ili sauti ipande mahali pa sauti za wanawake wetu. Pale nilipokuwa zamani najaza mbwembwe, nikaacha wazi. Sikuwa na cha kupaweka.

Siku ikafika. Watu wa bwana wakaja na pikipiki, radio begani, betri mpya. Mmoja wao, mcheshi kweli, akaniuliza kama wapunguze sauti au wazime kabisa, maana gitaa ya nusu mkono haiwezi kusikika. Wote wakacheka. Nikamwambia azime, atunze betri zake za kurudi nazo nyumbani.

Nikaanza. Gumba likatembea kwenye ule uzi mnene, taratibu. Nikafika kwenye nafasi ya kwanza niliyoiacha wazi. Shangazi akapiga kofi pale pale. Nafasi ya pili wakapiga wanawake wote, na baadaye wakaanza kutia maneno, kila mmoja na lake la kumsifu Feza. Zamani sikuwahi kumwachia mtu pa kuingia; gitaa yangu ilijaa mimi. Feza akatoka, mguu mmoja, kisha mwingine, kichwa juu. Yule mcheshi akawa wa kwanza kucheza.

Tangu hapo sikuutafuta tena mkono wa zamani. Siku hizi nawaona vijana wa Kasongo wakipiga mtindo huo huku wamekunja vidole viwili vizima, wanadhani ndipo ulipo ufundi. Nawaacha.

Sasa sikia, mwanangu, wewe uliyeangushwa na pikipiki, wewe ambaye shimo lilitaka kukumeza, wewe uliyepoteza kitu ambacho watu walikusifia. Usikae unaubembeleza mwili wa jana. Angalia ulichobaki nacho, utafute kile ambacho hujawahi kukituma kazi. Pale palipopungua usipafunike kwa nguvu mpaka utoke damu. Paache wazi, uone watu wako watakavyopaingia. Na anayekukemea kwa ukali msikilize, hata kama kazi yako haijui.

Mungu akulinde mikono na miguu. Akupe nyumba yenye kelele, akupe chakula kisichokosa wa kula naye, akufikishe uzee kama huu wangu, wa kujisifu mbele ya wajukuu na wasikubishie. Ubarikiwe.